Nukta za Aleida Meerdink

Kila mwezi wa Juni, kwa miaka ishirini na sita, Aleida Meerdink alibana ramani yake ya karatasi kwenye usukani wa baiskeli, akatia mkate mweusi na jibini mkobani, akayazunguka mashamba ya wilaya ya Winterswijk kwa siku tisa. Alikuwa na vituo mia mbili na arobaini. Kwenye kila kituo alisimama barabarani, mguu mmoja juu ya pedali na mwingine chini, akaliangalia shamba lililo mbele yake, akaandika neno moja kwa penseli: majani, mahindi, viazi, ngano. Kisha akasonga mbele. Ndani ya shamba lenyewe hakukanyaga.

Hilo la kutokanyaga hakufundishwa kazini; alikua nalo. Baba yake alifuga ng'ombe kumi na mmoja wa maziwa katika kijiji cha Huppel, na nyumbani kwao majani yalikuwa chakula kilichosimama. Mtoto akikatiza shamba mwezi wa Mei, kabla majani hayajakatwa, aliulizwa mezani mbele ya wote kama angependa mtu apite na viatu juu ya sahani yake. Mwaka 1984 serikali ilipoweka kikomo cha maziwa ambayo mfugaji angeweza kuuza, ng'ombe kumi na mmoja hawakutosha tena kulisha nyumba, na baba akawauza. Aleida alikuwa na miaka ishirini na miwili na tayari alikuwa ameajiriwa mjini, kwenye taasisi ya ramani, katika chumba cha wachoraji. Walikuwa tisa, kila mmoja na meza yake ya mteremko na kalamu zake za wino, na Aleida ndiye aliyepewa mito na mitaro, kwa kuwa mkono wake haukutetemeka.

Kompyuta zilipokuja, chumba kile kilifungwa. Wanane wakaenda zao. Aleida aliitwa ofisini akaulizwa kama anaweza kuendesha baiskeli.

"Mimi ni wa Huppel," alijibu. "Mnaniulizaje swali kama hilo?"

Ndivyo alivyopata kazi ya nukta: kila kituo nukta moja kwenye ramani, katikati ya shamba.

Taasisi wakati huo ilikuwa imeingia ubia na nchi tano za mbali. Kila mwaka, Aprili hadi Juni, watu kumi na wawili walitoka katika nchi hizo kuja kujifunza kusoma picha za setilaiti: jinsi ya kutambua shamba la mahindi kutoka angani, jinsi ya kuona malisho yanayokauka wiki mbili kabla mfugaji hajayaona. Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja tu. Kila mwanafunzi alichora ramani ya mazao ya Winterswijk kutokana na picha za setilaiti, bila kutoka nje, kisha ramani yake ikalinganishwa na nukta za Aleida. Pale ramani iliposema mahindi na nukta ikasema mahindi, alipata. Zilipotofautiana, alikosa. Asilimia sabini ilimpa mtu cheti. Chini ya hapo alipewa barua ya kuhudhuria.

Ili mtu asiibe majibu, nukta hazikuonyeshwa kwa yeyote. Zilikaa kwenye faili lenye neno la siri, na neno la siri lilikaa kichwani mwa Aleida. Walimu wenye shahada tatu tatu walibisha hodi mlangoni kwake kumwomba awapimie wanafunzi wao. Hakuwa na shahada hata moja, lakini nukta zilikuwa zake, na kwenye ripoti za ubia ziliandikwa hivyo hivyo: nukta za Meerdink.

Mwaka huo alikuwa na miaka sitini na mmoja. Jumatatu ya wiki ya mwisho ya kozi alibandika matokeo kwenye mlango wa chumba cha kahawa, kama kawaida, saa nne kasoro tano, ili watu wayasome wakiwa na kikombe mkononi. Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa kati ya sabini na sabini na sita. Mmoja alikuwa na hamsini na nane. Huyo alikuwa Narantuya, mwanamke wa miaka thelathini na nne kutoka Mongolia, ambaye kwa wiki kumi na mbili alikuwa wa kwanza kuingia maabara na wa mwisho kutoka.

Narantuya aliyasoma matokeo mara mbili, akarudi nyuma hatua moja, akayasoma tena kama mtu anayetazama picha ukutani.

"Usijali," Wilmer, mwenzake wa Bolivia aliyekuwa na sabini na nne, alimwambia. "Wewe ulijisumbua bure na vishamba vidogo vidogo. Mimi penye shaka nilipaka kijani. Hii nchi ni majani tupu! Ukipaka kijani huwezi kukosa sana."

"Sikuwa na shaka," alisema Narantuya.

"Ndiyo kosa lako hilo."

Watu wakacheka, naye akajitahidi kucheka. Lakini kila mtu mle chumbani alijua cheti kile kina uzito gani kwake. Jimboni kwao kulikuwa na dawati moja la kutazama malisho, lile linalowaambia wafugaji wahamie wapi kabla theluji haijafunga njia, na lilikuwa mikononi mwake kwa muda tu. Makao makuu yaliandika bayana: akirudi na cheti, dawati ni lake, akirudi bila cheti, dawati linahamishiwa mji mkuu, mwendo wa siku mbili kwa gari kutoka kwenye malisho yenyewe. Vyeti vilikuwa vinatolewa Alhamisi.

Aliweka kikombe chini, akamfuata Aleida kwenye korido.

"Dada Aleida, sheria inasema mtu aliyeshindwa anaweza kuonyeshwa nukta alizokosa."

"Inasema hivyo."

"Nataka kuziona. Si kwenye karatasi. Kwenye ardhi."

Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuomba hivyo. Aleida alihisi uso ukimpata moto kidogo, kama mtu aliyeombwa mizani yake ikaguliwe sokoni. Lakini sheria ilikuwa sheria, naye si mtu wa kununa.

"Kesho saa mbili. Unajua baiskeli?"

"Najua farasi," alisema Narantuya. "Nitajitahidi."

Jumanne ilikuwa kavu na yenye upepo. Walianza na nukta ya thelathini na saba, upande wa Ratum. Aleida alisimamisha baiskeli ukingoni mwa barabara, akaweka mguu chini, akanyoosha kidole.

"Haya. Thelathini na saba. Majani. Ramani yako imesema mahindi. Sasa niambie, hayo ni mahindi?"

Mbele yao kulikuwa na majani mazito ya kufika gotini, yakilala na kuinuka kwa upepo. Nyuma yake kulikuwa na mtaro na mstari wa miti, na baada ya miti, mahindi machanga.

"Ni majani," alikubali Narantuya. Alikuwa ameshatoa simu na kuingiza namba za mahali zilizoandikwa kwenye orodha aliyopewa asubuhi. "Lakini nukta yako haipo hapo."

"Ipo wapi?"

"Kule. Ng'ambo ya miti. Kwenye mahindi."

"Simu hizo!" Aleida alicheka kwa pua. "Kituo hiki nimesimama mara ishirini na sita. Nukta iko katikati ya majani haya. Niliichora kwa mkono wangu kwenye ramani."

Narantuya alilaza baiskeli, akanyanyua uzi wa uzio kwa vidole viwili, akapita chini yake, akaingia kwenye majani.

"Nara! Rudi! Majani ya watu hayo!"

Lakini Narantuya alikuwa ametoka mahali ambapo majani ni ya anayepita, naye alitembea bila haraka, simu mbele kama taa, akiacha nyuma yake mkondo uliolala. Aleida alibaki barabarani. Angetaka kumfuata, ila miguu haikukubali. Alitazama huku na huku kuona kama kuna mtu, na mtu alikuwepo: trekta ya kijani ilikuwa inakuja kwa kasi kutoka zizini.

Alikuwa Bennie Tolkamp, mwenye shamba, aliyesoma darasa moja na Aleida. Alizima injini lakini hakushuka.

"We Aleida! Miaka yote unachungulia shamba langu toka barabarani kama mtu anayenidai, nimenyamaza. Leo umeleta na wa kulikanyaga?"

"Nisamehe, Bennie. Ni mgeni."

"Naona ni mgeni! Mwenyeji gani angefanya vile? Nakata kesho kutwa. Anatafuta nini?"

"Nukta yangu."

"Imedondoka?"

Mbali kule, Narantuya alikuwa ameruka mtaro na kupenya miti, na sasa kichwa chake tu kilionekana, katikati ya mahindi. Alisimama, akainua mkono. Kisha akaanza kurudi, na walipomtazama vizuri waliona midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu hatua. Akafika mahali alipoonyeshwa na Aleida mwanzoni, katikati ya majani, akasimama.

"Mia na hamsini na mbili!" alipaza sauti. "Hatua zangu ni fupi! Kaskazini, na mashariki kidogo!"

"Ana akili timamu huyo?" Bennie aliuliza.

"Anayo," alisema Aleida. "Mwache, Bennie. Krismasi nitakuletea mkate wa zabibu kavu."

"Mrefu?"

"Mrefu."

Bennie akawasha injini, akamwonyesha Narantuya kwa mkono atoke kwa kufuata ukingo, si katikati, na akasubiri mpaka alipotoka.

Walikwenda nukta ya thelathini na nane, kisha arobaini na moja, kisha sitini. Narantuya sasa aliomba ruhusa kila nyumba, kwa ishara na tabasamu, na wakulima walimruhusu kwa mshangao tu. Kwenye nukta ya thelathini na nane Aleida alikuwa bado na hakika kwamba simu ni mbovu. Kwenye ya arobaini na moja aliichukua simu akaitazama mwenyewe. Walipofika ya sitini aliacha kuilaumu simu, kwa sababu hatua zilikuwa zile zile. Mia na hamsini na kitu. Kaskazini, na mashariki kidogo. Kila mara.

Aleida alikaa juu ya jiwe la mpaka, akatoa mkate wake, akakata nusu akampa Narantuya. Alikuwa mchora ramani kabla hajawa kitu kingine chochote, na jambo moja alilijua kama anavyojua jina lake. Jicho likikosea, linakosea ovyo, leo kushoto kesho kulia. Kosa linalokwenda upande mmoja, umbali mmoja, halitoki jichoni wala mguuni. Linatoka kwenye karatasi.

"Ramani yako iko sawa," alisema mwishowe.

Narantuya alitafuna polepole. "Nilidhani hivyo. Lakini sikutaka kulisema mimi."

Walirudi mjini. Aleida aliingia ofisini, akafunga mlango, akafungua faili. Haikumchukua hata saa nzima. Ramani za karatasi za nchi ile zina mistari yake yenyewe, inayohesabiwa kutoka kwenye mnara mmoja wa kanisa katika mji wa Amersfoort, na namba zake haziingii moja kwa moja kwenye hesabu ya setilaiti. Lazima zigeuzwe. Majira ya baridi ya miaka mitatu iliyopita alipewa kompyuta mpya, akazigeuza nukta zote mia mbili na arobaini kwa alasiri moja. Kompyuta ilimuuliza atumie sahihisho lipi. Chini kabisa ya orodha palikuwa na jibu fupi: hakuna. Alikumbuka hata alivyowaza, kwamba nukta zake hazihitaji kusahihishwa. Akabonyeza.

Tangu siku hiyo, kwenye faili, kila nukta ilikuwa imehama mita mia na kumi na tano, ikavuka mtaro na kuingia kwa jirani. Na yeye hakuweza kuliona hilo, kwa kuwa kila Juni hakwenda na faili. Alikwenda na karatasi na kichwa chake, na vyote viwili vilikuwa sahihi. Mtu yeyote asiyeyajua mashamba yale angetumia simu, na angeligundua mwaka wa kwanza.

Aliweka sahihisho, akapima upya ramani zote kumi na mbili. Wilmer alitoka sabini na nne akaenda themanini na moja. Wengine walipanda vivyo hivyo, wawili walipanda kidogo tu. Narantuya alitoka hamsini na nane akafika tisini na tatu. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kufika tisini na tatu.

Hapo Aleida aliinuka akaenda kabatini kutoa madaftari ya miaka miwili iliyotangulia. Wanafunzi ishirini na wanne. Tisa kati yao walikuwa wamerudi kwao na barua ya kuhudhuria. Alipozipima upya ramani zao, zote tisa zilivuka sabini.

Jumatano asubuhi alimweleza Wouter Schaafsma, mkuu wa kozi. Wouter alikuwa mtu wa Friesland, jimbo la kaskazini, mrefu, mwenye haraka ya kudumu, na si mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Miaka mitatu?"

"Mitatu."

"Aleida, mimi nimeandika ripoti nzima kueleza kwa nini alama zinashuka. Nimeandika kwamba wakulima wanachanganya mazao."

"Niliisoma. Nilidhani ni kweli."

"Hata mimi nilidhani ni kweli!" Alizunguka meza, akarudi. "Sikiliza. Kesho wajumbe wa nchi zote tano wako hapa. Wanatia sahihi miaka mitano mingine. Na unajua wanachosaini? Kwamba kila nchi ijenge nukta zake kwa mfano wa nukta zetu. Zako. Sasa nisimame niwaambie mfano wenyewe ulihama shamba?"

"Narantuya lazima apate cheti kesho."

"Atapata. Leo hii. Tisini na tatu, hakuna ubishi. Tutasema kulikuwa na kasoro katika kupima. Hao tisa tutawaandikia baada ya sherehe, kwa utulivu, pole pole. Nani anaumia?"

Aleida alifikiri. Hakuwa mwepesi wa maneno, na mbele ya Wouter alikuwa na mazoea ya kunyamaza hadi arudi ofisini kwake ndipo jibu limjie. Safari hii lilimjia pale pale.

"Ukibadilisha yake peke yake, watasema tumemhurumia," alisema. "Hawa wenzake kumi na mmoja wameona hamsini na nane mlangoni. Nimeibandika mwenyewe. Kesho wakiona tisini na tatu bila maelezo, watarudi kwao wakisema yule Mmongolia alilia akapewa. Na mkubwa wake atakuwa amekaa mstari wa mbele."

"Unataka nini basi?"

"Nataka dakika kumi kesho."

"Wewe?" Wouter alishangaa waziwazi. "Aleida, kwenye sherehe ya miaka ishirini na mitano ya kazi yako ulijificha jikoni."

"Nilikuwa naosha vikombe."

"Vilikuwa vya karatasi!"

Wouter alivaa miwani, akatazama dirishani kitambo. Aliwaza ripoti yake, bila shaka, na sahihi tano, na pengine pia mwanamke aliyekaa mbele yake akiwa ameshikilia daftari magotini kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Dakika kumi," alisema. "Lakini ripoti yangu usiitaje."

"Lazima niitaje. Watu wameisoma."

"Mungu wangu," alisema Wouter. "Haya."

Usiku ule Aleida hakuandika hotuba. Alichora. Alitoa kalamu za wino zilizokaa kwenye boksi tangu chumba cha wachoraji kifungwe, mbili zilikuwa zimekauka, ya tatu ilikubali, akachora kwenye karatasi moja kubwa shamba la Bennie, mtaro, miti na mahindi, nukta ya kweli kwa rangi nyeusi na nukta ya faili kwa nyekundu.

Alhamisi alibandika mchoro ukutani, akasimama pembeni yake. Mbele walikaa wajumbe watano waliovaa suti, nyuma wanafunzi, na nyuma kabisa walimu wenye shahada zao. Sauti yake ya kwanza haikusikika, ikabidi aanze tena.

"Nukta hizi ni zangu," alisema. "Kwa miaka mitatu ziko mahali pasipo pao. Nyeusi ndipo nilipoichora. Nyekundu ndipo kompyuta ilipoipeleka kwa sababu nilibonyeza jibu lisilofaa. Aliyechora ramani vizuri alipata alama mbaya. Aliyepaka kijani kila mahali alipata nzuri kidogo." Wilmer aliinamisha kichwa, watu wakaguna. "Ripoti iliyosema wakulima wanachanganya mazao haina ukweli. Wakulima hawachanganyi kitu. Tumewakosesha vyeti watu tisa waliopita, na Jumatatu tulikaribia kumkosesha wa kumi. Yeye ndiye aliyeliona kosa, kwa kuingia shambani kwa miguu yake, jambo ambalo mimi sikulifanya katika miaka ishirini na sita. Ana tisini na tatu. Nimemaliza."

Alikuwa ametumia dakika nne. Aleida akawaza vikombe vya jikoni.

Mjumbe wa Mongolia, mzee mfupi mwenye nywele za mvi zilizochanwa kwa maji, alinyanyua mkono. Hakuuliza kuhusu Narantuya. Aliuliza sahihisho lenyewe linapatikana wapi kwenye kompyuta, kwa kuwa ofisini kwake pia wana ramani za karatasi za zamani, zenye mistari yake yenyewe, na aliyezigeuza ameshastaafu. Mjumbe wa Bolivia akasema wao wanazo za aina mbili, na hajui ni nani aliyezigeuza. Baada ya hapo kila mtu alitaka kuuliza. Wouter aliyekuwa ameandaa hotuba ya kurasa sita aliikunja akaitia mfukoni, akaleta kompyuta na kuiunganisha na skrini ya ukutani, na Aleida akawaonyesha, mara tatu, lile swali na ile orodha na lile jibu la chini kabisa. Chakula cha mchana kilichelewa saa nzima. Mkate wenye nyama ya kukaanga ulipoa, hakuna aliyelalamika.

Walitia sahihi saa tisa. Kifungu cha mfano kilibadilishwa kwa kalamu, pale pale: nukta za kila nchi zitakaguliwa na watu wa nchi nyingine, kwa miguu, wakiwa na faili mkononi, na asiyeyajua mashamba ndiye atakayetangulia.

Narantuya alipewa cheti chake wa mwisho, kwa kuwa jina lake lilibidi lichapwe upya. Mzee mwenye mvi alimpa mkono, akamwambia kwa lugha yao maneno machache, na Narantuya akajibu kwa neno moja. Aleida alimuuliza baadaye yalikuwa maneno gani.

"Ameniuliza kama kurudi nitataka gari au farasi."

"Ukasemaje?"

"Gari, dada. Wiki kumi na mbili nimekaa kitini, mgongo umeshakufa."

Kazi ya Aleida na nukta haikuisha siku hiyo, ingawa wapo waliotegemea angeomba kuhamishwa. Kwa wiki mbili walimu walipita mbele ya mlango wake bila kubisha hodi, wengine kwa aibu ya kutojua wamwambie nini. Neno la siri lilifutwa, faili likawa wazi kwa wote. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Alipika kahawa yake, akaketi, akaanza barua.

Aliandika tisa, kila moja kwa mkono, ukurasa mmoja mmoja. Alieleza kosa, akachora mchoro mdogo wa mtaro na miti, akaandika alama mpya, na chini akatia jina lake peke yake, ingawa Wouter alijitolea kutia la kwake. Vyeti alivifunga ndani ya kadibodi ngumu ili visikunjwe njiani.

Majibu yalikuja taratibu hadi Septemba. Mmoja alikuwa ameacha kazi ya ramani na kufungua duka la dawa za mifugo. Alishukuru, akasema ataning'iniza cheti dukani. Wawili walipandishwa vyeo. Mmoja aliandika kwa hasira, kurasa tatu, kuhusu nafasi aliyoikosa na isiyoweza kurudi, na Aleida aliisoma barua ile mara nyingi kuliko nyingine zote, akamjibu kwamba ana haki ya kila neno. Wanne hawakujibu kabisa.

Barua ya mwisho ilitoka kwa mhandisi wa maji wa Nepal, aliyekuwa na alama sitini na tano na sasa ana themanini na nane. Aliandika kwa adabu nyingi. Alisema hakushangaa. Wiki yake ya mwisho Winterswijk alikwenda matembezi na simu yake, na kwa udadisi akatafuta nukta mbili kati ya zile alizokosa, alizoonyeshwa kwenye karatasi. Aliona zimehama, zote mbili upande mmoja. Alipima hadi katikati ya shamba lenye zao lililoandikwa, akapata mita mia na kumi na tano. Lakini watu walimwambia mama yule amefanya kazi ile tangu zamani, naye alikuwa mgeni aliyelishwa na kulazwa, akaona si vizuri kumsahihisha mwenyeji nyumbani kwake.

Aleida aliiweka barua mezani, akatoka nje, akazunguka jengo mara moja, akarudi. Mwaka uliofuata wengine wanne walikosa cheti kwa nukta zile zile. Alichukua kalamu. Alifuta mistari miwili ya mwanzo, kwa kuwa ilikuwa mikali, akaanza upya kwa kumshukuru, na akamwomba jambo moja: mwaka ujao nchi yao itakapoleta wakaguzi, awe mmoja wao, na akiona kitu kimehama, abishe hodi.

Mhandisi alijibu kwa ujumbe wa simu, neno moja tu. Alisema atakuja.